Jibini ya maana, Mombasa mnanunua wapi?

Mrudi Pwani

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nimezaliwa Majengo, nikaenda Nairobi kutafuta, miaka 11 jikoni kwenye mikahawa ya watu, na mwaka huu nimerudi nyumbani kumwangalia mama. Nakaa Kisauni. Bahari ipo, mahamri yapo, mbaazi zipo. Kilichonishinda ni jibini.

Nifafanue kabla hamjanicheka. Sisemi ile ya pembetatu ya watoto wa shule, wala ile ya manjano iliyokatwa kama karatasi za daftari. Nasema jibini iliyokaa miezi ikaiva: gouda kuukuu inayomeguka kwa kidole, ya buluu, na ikiwezekana kitu cha maziwa ya mbuzi. Nairobi nilizoea. Mpishi wetu mkuu alikuwa akiagiza ya Brown's kutoka Tigoni, kule Limuru, walioanza kazi hiyo 1979, na sisi vijana wa jikoni tulikuwa tunakula vipande vya pembeni visivyofaa kupangwa kwenye sahani ya mgeni. Hivyo ndivyo nilivyoharibika.

Mombasa ni mji wa pili Kenya nzima, lakini kwa jibini, tuseme ukweli, sisi ndio bara. Wiki iliyopita nilinunua brie, ile laini yenye ganda jeupe, kwenye duka moja Nyali, silitaji. Tarehe ilikuwa bado. Kuifungua nyumbani, harufu ya amonia ikanipiga mpaka mama akauliza kutoka chumbani kama nimemwaga dawa ya choo. Nikairudisha. Kijana wa kaunta akainusa, akanitazama kwa huruma: "Hiyo ndiyo harufu yake, kaka. Ni vitu vya Wazungu."

Sasa nauliza wenyeji. Kuna duka gani? Niende siku gani? Au nirudi kwenye mbaazi zangu ninyamaze?

Yakhe Tu

Umetoka Nairobi kuja kutafuta chizi Mombasa? Yakhe, machizi wamejaa pale Marikiti, chagua umtakaye.

Bi Kibokoni

Mwanangu, usimsikilize huyo. Kwanza karibu nyumbani, na mama Mungu ampe afya.

Pili, sisi husema jibini. Neno tumelipata kwa Waarabu zamani, hiyo "chizi" mmerudi nayo kutoka shule. Na usidhani watu wa Mji wa Kale hatujui jibini. Mimi nimelelewa na ile ya mkebe wa buluu, ya Kraft, unaifungua kwa kifungua kopo, inatoka imesimama kama sabuni. Ndugu yangu yuko Jeddah tangu ujana wake. Akija, nguo ni kidogo, sanduku lote ni mikebe ya jibini, tende, na zile chupa za jibini ya kupaka za Puck ambazo zikiisha twatia sukari ndani. Duka la jibini la Mombasa, kwa miaka yote ninayokumbuka, ni sanduku la mtu anayetoka Uarabuni.

Ramadhani ikifika nafanya sambusa za jibini, watoto wa mtaa wote wanajua mlango.

Lakini hiyo yenu ya kuvundika nina swali nayo. Nasikia wanaigandisha kwa kitu cha tumboni mwa ndama. Ndama gani, kachinjwa na nani? Hapo ndipo mimi husimama.

Mpishi wa Kusini

Mrudi, mimi niko Diani, mwaka wa 20 huu kwenye jikoni za hoteli, kwa hiyo nitakujibu kirefu kidogo maana swali lako umelikosea mahali pamoja. Unauliza duka gani. Pwani hii usitafute duka, tafuta mzunguko. Jibini ni kama samaki: haijalishi kibao cha duka kimeandikwa nini, linalojalisha ni inatoka kwa kasi gani. Duka dogo linalouza vipande 30 kwa wiki litakushinda supamaketi kubwa yenye rafu ndefu na aina 40 ambazo hakuna anayezigusa.

Sasa huo mzunguko unaendeshwa na nani? Na wageni. Desemba mpaka baada ya mwaka mpya, Pasaka, halafu Julai na Agosti, hoteli zimejaa, mikahawa inaagiza, malori ya baridi yanateremka kutoka juu mara kwa mara, na maduka yanayohudumia nyumba za kukodisha nayo yanajaza. Wakati huo hata brie unaweza kununua Diani bila woga. Njoo sasa Mei, mvua za masika. Hoteli nyingi zinafunga kwa ukarabati, wafanyakazi tunapewa likizo, barabara ya ufuo iko kimya utadhani kuna msiba. Jibini iliyoko kwenye rafu mwezi huo ililetwa kwa ajili ya watu walioshaondoka. Mimi kuanzia katikati ya Aprili mpaka Juni sinunui jibini laini. Nanunua ngumu na ile inayokaa kwenye maji ya chumvi, basi.

Siku ya kwenda: muulize mtu wa friji, si keshia wala meneja. Yule anayepanga maziwa na mtindi. Yeye ndiye anayejua lori linafika lini. Mwambie kwa adabu, "Bwana, mzigo wa jibini hufunguliwa siku gani?" Ukimuuliza mara tatu kwa wiki tatu atakuwa rafiki yako, na siku ya mzigo atakuwekea. Mimi nina mtu wangu Ukunda, hata simwambii mke wangu jina lake.

Kuhusu kuchagua. Brie na camembert zinaiva kutoka nje kuja ndani, kwa ule ukungu mweupe wa juu. Bonyeza katikati na dole gumba kupitia karatasi. Ikiwa kingo ni laini na moyo umekaza kama chaki, bado changa. Ikiwa yote inabonyea kama shavu la mtoto, uile leo leo. Ikiwa imebonyea halafu ganda limegeuka rangi ya chai na inanuka amonia, imepita. Ule haukuwa uvundo wake wa asili, kijana wa kaunta alikukosea. Kwa hesabu yangu ilipata joto njiani ikaiva upesi kabla ya tarehe, kwa sababu aliyeandika tarehe alidhani itakaa kwenye baridi muda wote, na hakuna aliyemweleza kuhusu jua la Mariakani saa nane mchana.

Ngumu iliyofungwa bila hewa: kama mfuko umefura, weka chini. Kama ndani kuna mafuta yanayoelea, ilitoka jasho ikarudishwa kwenye baridi, haitakuua lakini ladha imeshatoka nayo. Gouda, kama una uwezo, nunua kigurudumu kidogo kizima na nta yake. Nta ndiyo nyumba yake. Kipande kilichokatwa na kufungwa nailoni kinaanza kufa siku hiyo hiyo.

Na parmesan ya kusagwa kwenye kopo sahau. Nyingi zimetiwa unga wa nyuzi za mimea zisishikane. Ile yenyewe, Parmigiano-Reggiano, ni gurudumu la kilo kama 40 lililokula zaidi ya lita 500 za maziwa na kukaa angalau miezi 12, na ganda lake limepigwa chapa ya vidoti jina lake kuzunguka. Omba kipande chenye ganda ulione jina. Ganda usitupe, litie kwenye mchuzi wa maharagwe uniletee habari.

Mrudi Pwani

Chef, umenifungua macho. Kumbe mimi nilikuwa nasoma tarehe tu. Nilinunua Ijumaa jioni. Nitarudi nimuulize yule wa friji.

Yakhe Tu

Shavu la mtoto. Watu wanabonyeza jibini kama wanaposa.

Fundi Friji

Nawasikia mnazungumza ununuzi, na mimi nawaambia vita viko nyumbani kwenu. Natengeneza friji Changamwe na Mikindani, najua mnavyoziweka. Mlango unafunguliwa mara 60 kwa siku, mpira umelegea, nyuma imebanwa ukutani haipumui, halafu mnaniambia "fundi, haileti baridi". Jibini inataka baridi ya digrii 4 mpaka 8, na isiyopandapanda. Mahali pabaya kuliko pote ni mlangoni, hapo ndipo wote mnapoiweka, karibu na mayai. Iweke kwenye ile droo ya chini ya mboga.

Usiifunge na nailoni, inatoka jasho na kuvunda. Karatasi ya kuokea mikate, halafu ndani ya kibati chenye mfuniko usiobana sana, peke yake, mbali na samaki na kitunguu. Mafuta ya jibini yanavuta kila harufu. Nina mteja alikuwa na jibini yenye ladha ya ng'onda, akadhani ndivyo ilivyo.

Stima ikipotea, usifungue mlango ukachungulie. Friji iliyofungwa inashika baridi masaa kama 4. Weka chupa mbili za maji kwenye friza siku zote, stima ikikatika zishushe chini. Jibini ngumu itavumilia. Zile laini, kama ni usiku mzima na joto letu hili la Machi, zitupeni.

Ukungu ukiota juu ya ngumu, kata sentimita 2 na nusu kuzunguka, kisu kisiguse ukungu wenyewe, kinachobaki ni chakula. Laini ikiota ukungu ambao si wake, tupa yote.

Kugandisha kwenye friza: ya pizza iliyosagwa sawa. Gouda itamegeka kama udongo mkavu, ipikie tu.

Halafu nasoma vitabu vyenu vinasema uitoe friji saa nzima kabla ya kula ipate joto la chumba. Chumba cha nani? Hapa dakika 20 zatosha, saa nzima utainywa.

Msomaji wa Lebo

Bi Kibokoni, shikamoo. Swali lako la ndama halijajibiwa na ndilo la muhimu kwa wengi wetu.

Kinachogandisha kinaitwa reneti. Ya asili inatoka tumbo la nne la ndama anayenyonya. Kama ndama kachinjwa kisheria hakuna neno. Kama hakuchinjwa hivyo, wanazuoni wametofautiana: madhehebu ya Abu Hanifa waliiona reneti yenyewe ni safi, na Mashafii, ambao ndio sisi wengi wa pwani, wamekaza zaidi. Mimi si sheikh, muulize wako.

Lakini habari njema ni kwamba jibini nyingi siku hizi hazitumii ndama kabisa. Kuna reneti itokanayo na kuvu, na kuna ile inayotengenezwa na vijidudu kwenye mapipa, ambayo Marekani waliiruhusu 1990 na sasa imeenea viwanda vingi vya dunia. Lebo ikisema reneti ya vijidudu, au kwamba jibini inafaa kwa wasiokula nyama, ndama hayumo. Ikiandika "reneti" tu bila kufafanua, mwandikie mtengenezaji umuulize. Nimewahi kuwaandikia wa hapa hapa Kenya na wakajibu vizuri, maana wanauza kwa Wahindi wasiokula nyama pia, swali hilo wamelizoea.

Ile Parmigiano ya Chef hapo juu, samahani Chef, sheria yake inataka reneti ya ndama. Hiyo haina njia ya kuzunguka.

Bi Kibokoni

Marahaba, Mungu akuzidishie. Basi ganda lake Chef alitie kwenye maharagwe yake mwenyewe.

Mpishi wa Kusini

Nimekubali, Bi Mkubwa. Nitakupikia ya mkebe wa buluu.

Mwenye Shamba Kwale

Sina jibini lakini nina neno. Mnajua rangi ya machungwa ya zile cheddar za manjano mnazoziona madukani inatoka wapi? Maziwa hayana rangi hiyo. Wengi wanatia rangi ya mbegu ya bixa, mti ule wa maganda mekundu yenye miiba laini, Waunguja wanaita mzingefuri. Sisi huku Shimba Hills tunaulima tangu wazee wetu. Mbegu zinauzwa nje zinakwenda kupaka jibini na siagi za watu, halafu jibini inarudi Nyali tunaikuta bei hatuiwezi. Nimemaliza.

Yakhe Tu

Huyu peke yake kaleta habari. Wengine wote mnaleta njaa.

Kilifi Kwetu

Mrudi, umeuliza duka, mimi nikuulize: kwa nini jibini yote inatoka juu? Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, asubuhi watu wanapuliza viganja. Ng'ombe wa Kizungu anakula, anakamuliwa, hajui joto. Huku kwetu ukimleta ng'ombe huyo anahema kama mbwa, halafu kuna kupe. Ile ndigana kali Waingereza waliipa jina la pwani yetu hii, na kusini tuna mbung'o juu yake. Ng'ombe wetu wa kienyeji anastahimili yote hayo lakini anakupa maziwa ya chai na mtoto. Kilo moja ya jibini ngumu inakula kama lita 10. Piga hesabu mwenyewe kwa bei ya pakiti, bado hujalipa stima ya chumba cha kuivishia ambacho kinataka digrii 12 mpaka 15 usiku na mchana, nje ziko 32.

Si kwamba haiwezekani kufuga. Hapa Kilifi kuna shamba kubwa la mkonge na maziwa ambalo kwa miongo mingi limechanganya Sahiwal na Ayrshire wakapata ng'ombe anayekamulika kwenye joto hili, mpaka watafiti wameandika habari zake. Lakini maziwa yanaisha kwa kunywewa. Nani atayafunga miezi sita gizani wakati leo leo yanauzika?

Ushauri wangu: panda matatu uende Malindi. Ni kilomita kama 120 kutoka Mombasa. Waitaliano wameishi pale na Watamu tangu sijazaliwa, wana maduka yao ya vyakula, na Mtaliano hanunui jibini mbovu, atagombana mpaka barabarani. Muuzaji wa Malindi kafundishwa kwa kelele hizo. Ukisema "niionje kwanza" anakukatia bila kukunja uso. Nyali ukisema hivyo wanamwita askari. Utapata ngumu za Italia na za kukata kwa uzito, na watu wa kaunta wanazijua kwa majina. Ila ukifika Mei, maneno ya Chef ni yale yale, mji umelala.

Chukua kikasha cha barafu. Usikope cha muuza samaki kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza.

Dereva wa Usiku

Malindi ya nini na mabasi yapo? Mimi naendesha basi la usiku Nairobi–Mombasa, na nawaambia kuna watu wa Mtwapa wanatumiwa jibini kila mwezi. Anapigia mtengenezaji, analipa kwa simu, mtu wa pikipiki anailetea ofisi ya basi jioni. Tunaondoka usiku, alfajiri iko Mombasa. Usiku hata Voi joto limepungua, mzigo haupati jua hata kidogo. Kosa ni kutuma na basi la asubuhi.

Ifungwe hivi: chupa za maji zilizoganda chini na pembeni, gazeti katikati, jibini juu, boksi lipigwe gundi. Muandike "vyakula, usilaze ubavu". Na uwe pale ofisini saa ile linapofika! Mwaka jana mtu aliacha mzigo wake mpaka saa nane mchana akaja kutugombeza sisi.

Wa kuwaagiza si Limuru peke yake. Nakuru kuna Happy Cow, gouda zao wengi mmezila bila kujua. Eldoret kuna Doinyo Lessos, kiwanda cha miaka mingi, ukipita pale wana duka lao na unaonja aina kwa aina. Mimi nilikuwa naendesha njia hiyo zamani. Nilikuwa nateremka na kipande ndani ya skafu kama mtoto.

Mrudi Pwani

Dereva, bei ya kutuma boksi je? Mimi peke yangu siwezi kuagiza kigurudumu kizima, nyumbani tuko wawili na mama haili.

Dereva wa Usiku

Boksi la kilo 5 na la kilo 2 ofisini wanalitoza karibu sawa. Kwa hiyo tafuta wenzako.

Tanga Line

Mimi nitawapeleka mbali zaidi. Kama una pasipoti na siku tatu, vuka Lunga Lunga, shika Tanga, halafu Mombo, upande Lushoto. Kile kilima cha Mombo peke yake kinatosha kwa safari. Pale Irente kuna shamba la kanisa wanatengeneza jibini, mikate ya rai na jemu, unakaa kwenye nyasi na kipande chako mkononi unaitazama nyika ya Wamasai chini kama ramani. Haikuwa jibini bora kuliko zote nilizokula. Lakini sijawahi kula nyingine nikiwa na sweta na kuona joto la Mkomazi kwa macho tu.

Yakhe Tu

Huyu kaulizwa duka Kisauni, kajibu Tanzania.

Bi Kibokoni

Mrudi mwanangu, wakati unangoja mabasi na malori, nenda kwa Wahindi. Wana jibini yao, paniri, inakaangwa na mchicha. Na hiyo hata mimi naifanya, jirani yangu Bi Mhindi alinifundisha tukiwa wasichana, haina reneti wala ndama, ni ndimu.

Chukua maziwa mabichi lita 2, si yale ya boksi ya kukaa miezi, hayo yamechomwa mno hayagandi vizuri. Yachemshe mpaka yapande, na uyachemshe kweli, maziwa mabichi yana ile homa ya ng'ombe inayovunja watu viungo mwaka mzima. Zima moto. Tia maji ya ndimu, kijiko kijiko, ukoroge polepole kama unabembeleza. Yatakatika, maji yatageuka ya kijani kibichi hivi, masafi. Hapo simama, usizidishe ndimu. Chuja kwenye kitambaa cha shashi, suuza kwa maji ukali utoke, funga, weka kwenye sinia, juu yake pandisha kinu. Kinu chenyewe, kile cha kutwangia. Baada ya saa moja na nusu una kipande cha kama gramu 350. Hakiyeyuki motoni, usijaribu kukitia kwenye pizza ukanilaumu.

Yale maji usimwage. Kandia chapati.

Fundi Friji

Bi Kibokoni, nimeijaribu leo. Sina kinu, nimeweka kompresa ya friji juu. Imetoka nyembamba kama chapati lakini tumeila.

Mrudi Pwani

Narudi baada ya wiki tano, nina mrejesho.

Kwanza nilimfuata mtu wa friji pale Nyali, lile duka lile lile. Ni kijana mwingine, mpole. Mzigo wao hufunguliwa Jumatano alasiri. Nilipomuuliza mara ya pili akaniambia la ziada ambalo Chef hakulisema: zile zinazokaribia tarehe wanazipunguza bei Jumatatu asubuhi, na kati yake kuna gouda ambazo kwa kweli ndiyo kwanza zinaanza kupata ladha. Kwa jibini ngumu, tarehe ya muuzaji na tarehe ya ulimi ni mbili tofauti. Nimepata mbili hivyo. Brie nimeiacha, siwezi tena, hata nikiiona naisikia ile dawa ya choo.

Malindi nilikwenda. Kilifi Kwetu, ni kama ulivyosema, nilionjeshwa vipande vinne, na mama mwenye duka, Mgiriama wa pale pale, akanieleza tofauti ya ile ya miezi 9 na ile ya miezi 24 kwa Kiswahili safi kuliko wapishi wakuu wangu wote wa Nairobi. Nikatoka na nusu kilo na nauli tu mfukoni. Njiani Mtwapa foleni, barafu imeyeyuka, nimeibeba mapajani kama mgonjwa. Ilifika imetoka jasho lakini imefika.

Paniri nimefanya mara tatu. Mama haigusi ile ya kuvundika, hii anaila na anadai kila mara kwamba ndimu imezidi.

Basi la usiku ndilo lililonifaa. Niliagiza kigurudumu cha gouda cha miezi kadhaa na kipande cha ya buluu, kabla ya kulipa nikawauliza habari ya reneti kwa ajili ya Bi Kibokoni, wakanijibu kwa maandishi kwamba ni ya vijidudu, nitamletea ujumbe wenyewe auone. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa ofisini nasubiri na taksi. Chupa mbili zilikuwa bado zina barafu ndani. Nimekata kigurudumu jikoni kwa kisu kirefu kilichochovywa maji moto, na nimepaka siagi kwenye uso uliokatwa usikauke, hila ya jikoni. Hiyo robo ya kwanza nilikula nusu nzima nimesimama mlangoni, na embe dodo, kabla hakujapambazuka.

Sasa nimebaki na robo tatu na friji ambayo Fundi hajaitengeneza. Mwezi ujao naagiza tena, boksi la kilo 5, gharama tugawane. Anayetaka aandike hapa, na aseme kama anataka ya buluu. Mahali pa kuchukulia ni Kisauni, kabla ya saa mbili asubuhi, jua halijakolea.

Mwenye Shamba Kwale

Nitie robo. Nitalipa kwa machungwa kama unakubali.

Bi Kibokoni

Mimi robo, ya buluu usinitie. Na huo ujumbe wa reneti niletee niusome kwa miwani yangu mwenyewe.

Msomaji wa Lebo

Robo moja, na buluu kidogo.

Yakhe Tu

Na mimi.

Mrudi Pwani

Wewe? Wewe si ulisema chizi ziko Marikiti?

Yakhe Tu

Nilikwenda. Hawakatwi kwa uzito. Niandikie robo.